Tulilipia CD za kufyatuliwa kiwandani, mkatuletea za kuchomwa

Nairobi

Kwa Meneja,
Idara ya Uzalishaji.

Bwana Meneja,

KUH: ODA YETU YA CD 300

Mimi ni mpiga gitaa la besi na mweka hazina wa bendi iliyowapa kazi ya CD 300 mwezi uliopita. Muziki wetu ni death metal, yaani roki nzito ya kunguruma, tena ule wa kupindapinda: unaanza na mapigo 7, unahamia 5, mwimbaji ananguruma, mara gitaa linatulia kama la kanisani, kisha radi inarudi. Sikuulizi kama unaupenda. Nakuandikia kwa sababu tulilipia kitu kimoja tukaletewa kingine.

Albamu ina vipande 7, lakini ni wimbo mmoja wa dakika 43 usio na kituo popote. Tuliugawa ili msikilizaji aweze kurukia sehemu aitakayo, basi. Mwishoni mwa kipande cha 3 nagonga noti moja ya chini kabisa na kuiacha ining'inie. Noti hiyo inavuka mpaka, na dramu zinaikuta ikiwa tayari ndani ya kipande cha 4. Jumapili nzima tuliimaliza kwa kurekodi mahali hapo tu. Kwenye CD zenu noti inafika mpakani inakatwa shingo. Kimya. Moja, mbili. Halafu mkia wake unaibuka pamoja na dramu, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi usingizini.

Usiku wa uzinduzi tuliicheza CD yote kabla ya kupanda jukwaani. Kimya cha kwanza kilipoingia, watu walipiga makofi kwa dhati, wakidhani wimbo umekwisha. Kufikia cha nne walikuwa wanacheka. Mpiga dramu wetu alitoka nje, na nilimkuta kwenye maegesho akihesabu sekunde kwa vidole.

Nilipopiga simu, kijana wenu wa huduma kwa wateja alinijibu kwa upole kwamba nyimbo lazima ziachiwe nafasi katikati, na kwamba yeye alipoisikiliza alifikiri faili limeharibika. Hilo la pili nimemsamehe, mama yangu naye aliuliza vivyo hivyo. Hilo la kwanza silikubali. Baba ana santuri ndogo za benga za miaka ya 1970. Wimbo ukiwa mrefu ulikatwa, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B, na magitaa yanapoanza kukolea ndipo unapolazimika kuinuka ukageuze. Hapo palikuwa na sababu, upande mmoja ulibeba dakika chache tu. CD inabeba dakika 74 na zaidi. Mwaka 1996 bendi ya Uswidi iitwayo Edge of Sanity ilitoa albamu yenye wimbo mmoja tu wa dakika 40, na hakuna aliyeupachika vituo vya kupumzikia.

Kile kimya ndicho kilichonifanya niipindue CD. Naomba nawe uipindue moja, uisogeze dirishani. CD ya kufyatuliwa, yaani iliyogandamizwa kwa kalibu kiwandani, upande wake wa chini ni rangi ya fedha tupu. Hizi zetu zina kivuli cha kijani kinachoelekea zambarau ukizigeuza kwenye mwanga. Hiyo ni rangi ya CD tupu zinazouzwa kwa mirundo madukani, ambazo mtu huzichoma kwa kompyuta yake. Ankara yenu, ninayo hapa mezani, inasema waziwazi: kutengeneza kalibu kutokana na kioo, kisha kufyatua nakala 300. Kalibu haikutengenezwa. Mtu alikaa akachoma moja moja, tena kipande kwa kipande, akiacha mashine izime leza na kuiwasha upya kila kipande kinapoanza. Sekunde zile 2 zinatoka hapo hapo. Angechoma diski yote kwa mkupuo mmoja zisingekuwepo, na pengine nisingegundua lolote mpaka rangi ianze kufifia kwa jua kwenye dashibodi ya mteja.

Kuna ushahidi mwingine. Tuliwatumia faili la DDP, ambalo hubeba mpangilio wote wa diski pamoja na namba ya kuhakiki kwamba halikuguswa. Ndani yake kila kipande kilikuwa na msimbo wake wa ISRC, yaani utambulisho wa kimataifa wa rekodi, wa herufi na tarakimu 12. Nimezikagua CD 10 kutoka maboksi tofauti na hakuna hata moja yenye msimbo. Kwa hiyo faili letu lilifunguliwa, sauti ikachomolewa, mengine yakatupwa.

Kijitabu cha mashairi, nisiwaonee, kimetoka safi sana.

Sisi hatuna lebo. Hakuna wakili wala meneja wa kutupigania, na huenda ndiyo sababu mtu alituona watu wa kuchomewa. Fedha hizo zilikusanywa kwa mtindo wa chama, watu 5, kila mwisho wa mwezi, na mimi ndiye niliyeandika majina kwenye daftari. Mwezi mmoja mpiga gitaa wetu alichelewesha kodi ya nyumba ili asikose zamu yake. CD 88 zimeshauzwa, na kila mnunuzi tumemwahidi kumbadilishia.

Tunataka mtufyatulie CD 300 kama ankara inavyosema, kutokana na DDP ile ile bila kuifungua, na mtuletee nakala moja ya majaribio tuisikilize kabla hamjaendelea. La sivyo mturudishie malipo yote. Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka ankara na CD moja kwenye mahakama ya madai madogo, na nitamwomba hakimu aipindue dirishani.

CD 212 zilizobaki ziko kwenye maboksi yake nyumbani kwa mpiga dramu. Mkimtuma mtu kuzichukua, aje baada ya saa kumi na mbili jioni. Kabla ya hapo jamaa huwa anafanya mazoezi, na hata mlango uvunjwe hatausikia.

Wako mwaminifu,

Mpiga besi na mweka hazina,
kwa niaba ya bendi