Tipu ndiyo inayotutoa barabarani

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, vijana wawili watatu wa mtaani kwetu Ngaramtoni hunifuata. Wameniona nikirudi na Landcruiser iliyojaa vumbi la Serengeti, wanataka niwafundishe kuendesha. Basi. Kwao kuongoza watalii ni usukani na dola. Hata mama yangu huwaambia majirani kuwa mimi ni dereva, na afadhali, maana kuna jirani aliyejaribu kulitamka jina la kazi yetu kwa Kiingereza likatoka "gaidi".

Mzee aliyenifundisha kazi hakunipa ufunguo siku ya kwanza. Alisimamisha gari kwenye migunga mifupi yenye vinundu vyeusi, akatoa mkono dirishani, akagonga tawi kwa kalamu. Sisimizi wakamwagika. Akawaambia wageni kuwa hao ndio askari wa mti: mnyama akija kula majani, wanamuuma. Mti nao umewapa nyumba humo ndani ya vinundu, na vile vitundu wanavyotoboa ndivyo vinavyopiga mluzi upepo ukivuma. Siku hiyo hatukuona simba hata mmoja, na hakuna mgeni aliyenuna.

Kwa hiyo kijana anayeniuliza, namwambia aanze na miti, ndege na nyayo. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Akijua mia mbili za kwanza kwa sura na kwa sauti, hatakosa la kusema. Mwenye sifa na ada aende Mweka, chuo kinachofundisha wahifadhi tangu 1963. Ajifunze Kijerumani au Kihispania. Gari ataliweza tu.

Lakini kuna jambo ambalo tukiwaambia vijana tunaonekana wachoyo. Wengi wetu tunalipwa kwa siku za safari. Masika yakishika, Aprili na Mei, magari yamepaki nasi tuko kijiweni. Na hata msimu ukichanganya, posho ya siku ni ndogo. Kinacholipa ada za watoto ni bahasha anayoacha mgeni siku ya mwisho. Bahasha hiyo ndiyo ninayotaka kuisemea, kwa sababu inamfikia hata duma.

Duma huwinda mchana, saa ambazo simba na fisi wengi wamelala. Mbio zake ni za mita mia chache tu. Akikosa, inabidi aheme kwanza. Miaka kadhaa iliyopita, tambarare za Seronera, redio ya gari ikaita: kuna madoadoa. Nikafika, nikamkuta jike juu ya kichuguu, watoto watatu nyuma yake, anamtazama swala tomi. Tulikuwa magari manne, tukawa kumi na moja. Mgeni wangu akaniambia nitoke barabarani nisogee, kamera yake haifiki. Sheria ya hifadhi naijua kama jina langu. Nilitoka. Wengine wakanifuata. Swala akashtuka, akaondoka. Duma akashuka kichuguuni, akajilaza kivulini na wale watoto hawajala. Bahasha ya safari ile ilikuwa nene.

Msimu uliofuata mgeni mwingine aliniomba vilevile, nikakataa, nikamweleza kwa nini. Alinyamaza hadi kambini. Bahasha ilikuwa nyembamba, na ofisini nikaulizwa kwa nini mgeni amelalamika. Hakuna aliyeuliza habari za duma.

Askari wa hifadhi wakitukamata watutoze faini, ni haki yao. Ila faini inamkuta dereva ambaye ameshapiga hesabu zake: akikataa, hakika anapoteza tipu, akivunja sheria, huenda asionekane. Ndiyo maana pale Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, nyumbu wakijipanga kuvuka Mto Mara, utakuta magari yamesukumana hadi ukingoni, na kila mmoja wetu anajua kuwa hatakiwi kuwa pale.

Ombi langu kwa wenye kampuni na kwa wizara ni moja: mshahara wa mwongoza watalii uandikwe kwenye mkataba, umtoshe, na upande kadiri ujuzi wake unavyopanda. Wenzetu Kenya wana mitihani ya ngazi tatu, shaba, fedha na dhahabu, na mtu hujivunia beji yake. Sisi tuongeze na posho juu ya beji. Tipu ibaki asante ya mgeni, isiwe ndiyo kodi ya nyumba.

Mmoja wa vijana wa mtaani nimempa darubini yangu ya zamani. Juzi alinipigia saa kumi na mbili asubuhi kuniuliza ndege fulani wa buluu kwenye waya wa umeme. Nimemwambia mkataba wa kwanza atakaopewa aniletee tuusome pamoja kabla hajatia saini.

Mwongoza watalii,
Ngaramtoni, Arusha