Harambee ya Gazi: Tuwafunde Watafiti Wetu Mikokoni

Wazazi, masheikh, wavuvi, kina mama wa mikoko, na ndugu zetu mlio Mombasa, Nairobi na ng'ambo: assalaam aleikum, na salamu kwenu nyote.

Ghuba yetu ya Gazi, hapa Kwale, imesomwa sana. Kituo cha KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, kiko hapa hapa kijijini, na tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni ya hekta 117 za mikoko, yaani unalipwa kwa hewa ukaa ambayo miti hiyo huivuta na kuihifadhi. Fedha zake zimetuletea maji na vitabu vya shule. Haya yamewezekana kwa kuwa watafiti na wanakijiji walikaa mkeka mmoja. Lakini si kila mgeni hukaa. Wapo waliotuuliza maswali milangoni, wakajaza fomu, wakaenda zao, na matokeo hatujayasikia hadi leo.

Kwa hiyo kikundi chetu kimeamua kuwapokea wanafunzi 10 wa vyuo vikuu, pamoja na vijana wetu 5 waliomaliza kidato cha nne, wakae nasi mwezi mzima. Wataingia mikokoni maji ya bamvua yakishakupwa. Mkoko wataupima unene sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, kama sayansi inavyotaka, huku mzee aliyekata miti tangu ujana akiwatajia ukubwa wa mti kwa jicho tu, kuanzia mwembamba: huu fito, ule pau, huu sasa umefika boriti. Majina hayo wataalamu wa mikoko wanayatumia kwenye takwimu zao, na waliowafundisha ni watu kama yeye.

Kabla ya kuondoka, kila mwanafunzi atasimama barazani aeleze kwa Kiswahili alichokiona, na kina mama watamhoji.

Tunahitaji shilingi 420,000. Sehemu kubwa ni malipo ya wazee, wavuvi na kina mama watakaofundisha, maana miaka yote wamewaongoza wageni kwa ahsante na soda. Mwalimu hulipwa, nao ni walimu. Nyingine ni ya chakula, viatu vya matope na mafuta ya boti.

Tukutane Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, baada ya swala ya alasiri, uwanja wa shule ya msingi. Mlio mbali, mpigieni mhazini wetu au tumeni mchango kwa mkono wa jamaa. Mwenye mchele, chandarua au chumba cha kumlaza mwanafunzi, pia aandikishe. Hesabu zote zitasomwa hadharani Jumamosi itakayofuata, hapo hapo uwanjani.