Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: ripoti yetu iko kabati gani?

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,

YAH: MREJESHO WA UTAFITI WA MAWASILIANO KAZINI NA AFYA ZA WATUMISHI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua utakereka kuiona barua hii hadharani badala ya mezani kwako. Mezani kwako zipo mbili tayari, za kuulizia ripoti ya utafiti tulioshiriki sisi watumishi; zimepita masjala na zina mhuri. Ya tatu nilimkabidhi katibu muhtasi wako mkononi, akanijibu kwa upole kwamba suala "linafanyiwa kazi." Kazi hiyo sasa ina miezi kumi na tisa. Watoto waliozaliwa wodini kwetu wiki ile wanakimbia.

Kilichonifanya niandike tena ni cha Jumanne. Saa tano na dakika arobaini usiku ilibandikwa picha ya chati ya mgonjwa kwenye kundi letu la WhatsApp, ambalo lina watu zaidi ya mia moja. Jina la muuguzi lilikuwa limezungushiwa alama nyekundu, na chini yake maneno manne: "Huu ndio uzembe wetu." Kosa lenyewe ni kwamba muda wa dozi haukuandikwa. Dozi ilitolewa, mgonjwa hakudhurika. Mwenzetu alikuwa amekabidhiwa zamu akiwa amesimama koridoni, nusu ya maneno yakimezwa na kelele za machela, na aliyemkabidhi tayari ana mguu mmoja mlangoni.

Asubuhi alikuja kazini macho mekundu. Kabla ya saa nne akaanguka. Presha yake nilipima mwenyewe: 190 kwa 120. Sasa amelala kwenye kitanda ambacho juzi alikitandika.

Sisemi ujumbe ule ndio uliomwangusha. Presha anayo miaka mingi, na huenda siku hiyo hakumeza dawa. Ila mimi jina langu halikuwemo, na bado tangu saa tano na dakika arobaini sikupata usingizi.

Mheshimiwa, unaikumbuka siku ya ukumbi mkubwa? Walikuja watafiti wa chuo kikuu, na wewe mwenyewe ndiye uliyefungua kikao. Ulisema, "Jazeni bila woga, matokeo mtayapata kabla ya mwaka kwisha." Hukutaja mwaka gani, kosa ni letu hatukuuliza. Hojaji ilikuwa na kurasa kumi na nne. Je, msimamizi wako hukusikiliza? Hukusemesha mbele ya wagonjwa? Unalala saa ngapi? Kichwa, kiungulia, mapigo ya moyo? Nilijaza nikiwa nimetoka zamu ya usiku, na ukurasa wa kumi na moja niliandika mambo ambayo hata mume wangu hayajui. Niliandika kwa sababu niliamini kuna mtu atayasoma. Kisha wakatupima presha na kiuno, wakatupa kalamu moja moja, wakaondoka.

Kwa kuwa kusubiri nako kunachosha, nimeanza kujisomea. Nimejifunza kwamba swali hili si la watu wavivu wanaotafuta likizo ya ugonjwa. Kule London, kuanzia 1985, utafiti wa Whitehall II uliwafuatilia watumishi wa serikali zaidi ya 10,000, ukiongozwa na Michael Marmot. Walioonekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo hawakuwa mabosi wenye maamuzi mazito kama tunavyoambiwa kila siku. Walikuwa wale wasio na sauti juu ya kazi yao wenyewe. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, maana nina miaka kumi na minne ya kazi na sijawahi kuulizwa hata ratiba ya zamu ipangweje.

Upo na mwingine, wa 2015, uliofanyika Israeli kwa timu 24 za wahudumu wa watoto wachanga. Walipewa zoezi la kumhudumia mtoto njiti wa kuigiza. Baadhi ya timu zilisikia mtaalamu mgeni akitoa maneno ya dharau kidogo tu, wala hayakuhusu kosa lolote walilofanya. Timu hizo zikakosea zaidi katika kutambua ugonjwa na katika kutoa huduma, kwa sababu watu waliacha kupeana taarifa na kuombana msaada. Dharau kidogo, Mheshimiwa, tena ya mgeni. Sasa pima ya mkubwa wako, iliyoandikwa, yenye picha, mbele ya watu mia.

Na makabidhiano ya koridoni? Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali tisa za watoto za Marekani na Kanada. Madaktari waliokuwa mafunzoni walifundishwa kukabidhiana wagonjwa kwa mpangilio maalumu, wa maneno na wa maandishi. Makosa ya kitabibu yakapungua kwa asilimia 23. Hawakununua mashine. Walijifunza kuongea.

Kwa hiyo ripoti yetu inasema nini? Fununu ni nyingi. Wapo wanaosema fedha za watafiti ziliisha njiani. Wapo wanaosema imefika, ina jalada la buluu, na imefungiwa kwa sababu idara fulani imetajwa vibaya. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza, siku hizi naelekea la pili, na ushahidi sina. Nina kimya chako tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi hapa maradhi ndiyo kazi yetu, tulipaswa kuwa wa mwisho kuyaficha.

Nakala ya fomu ya ridhaa ninayo. Imeandikwa kwamba mshiriki ana haki ya kuelezwa matokeo ya jumla. Jambo hili si hisani: Azimio la Helsinki, yaani kanuni za maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha mara ya kwanza 1964 na kulirekebisha mara kadhaa, linataka washiriki wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya utafiti. Kanuni hiyo tunaikariri kwa wagonjwa wetu. Je, muuguzi akishajaza hojaji anaacha kuwa mtu?

Nilipoanza barua hii nilikuwa na madai mengi. Nilitaka kundi la WhatsApp lizimwe usiku; Ufaransa wana sheria ya haki ya kujitenga na simu za kazini tangu 2017. Nilitaka makabidhiano yafanyike mezani, tukiwa tumekaa. Nilitaka mwenzetu aombwe radhi katika kundi lilelile alilodhalilishwa. Nayataka bado, hasa hilo la radhi. Lakini najua orodha ndefu huundiwa kamati, na kamati hiyo itazaa ripoti nyingine.

Basi naomba moja: ripoti isomwe. Ukumbini, wodini, popote. Ikisema wasimamizi wanatuumiza, isomwe. Ikisema sisi wauguzi ndio tunaosemeana vibaya, isomwe vilevile, nami nitakaa mstari wa mbele. Ikiwa haipo, tuambiwe haipo, kwa maandishi, na kwa saini yako.

Niko zamu ya usiku hadi Ijumaa. Ubao wa matangazo wa wodi una nafasi, na pini nimeshanunua mwenyewe.

Wako mtiifu, bado,

Muuguzi, mshiriki namba 87