Risala ya Wanafunzi Wanaohitimu kwa Mgeni Rasmi: Ubao wa Majina na Chumba cha Gazeti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wahitimu mliotutangulia,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanafunzi wote wanaohitimu leo, tunakusalimu kwa heshima na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Furaha yetu ni kubwa kwa sababu hapa umerudi nyumbani. Ulipanga mstari asubuhi kwenye uwanja huu huu, na jina lako limeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao ulio mlangoni mwa ukumbi. Mwanafunzi mpya anapofika hapa kusajiliwa, mzazi humshika bega na kumsomesha majina yale moja baada ya jingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala yetu inahusu ubao huo. Habari za mitihani, madawati na ukarabati wa paa zimo kwenye taarifa ya Mkuu wa Shule, naye amezieleza vizuri kuliko ambavyo tungeweza sisi. Tunaomba kusema jambo ambalo mwanafunzi analiona kwa karibu zaidi.

Shule yetu ni ya umma, ni kubwa, na iko katikati ya jiji. Haimuulizi mtu baba yake ni nani wala ana uwezo gani. Mtoto wa dereva na mtoto wa daktari wanashiriki kitabu kimoja. Hiyo ndiyo fahari yetu ya kwanza, na hatungependa kusoma kwingine. Lakini katika shule ya ukubwa huu mwanafunzi anaweza kumaliza mwaka mzima bila jina lake kutamkwa na mtu mzima yeyote, isipokuwa wakati wa kuita mahudhurio. Walimu wetu wanatujali sana. Tatizo ni kwamba mwalimu anatoka darasa moja lililojaa anaingia jingine lililojaa, na jioni anabeba daftari za kusahihisha hadi kifuani.

Basi tulijiuliza: wale walioandikwa ubaoni walionekanaje katika umati huu? Tulisoma habari za shule nyingine zinazofanana na yetu, na jibu tulilolipata tunataka ulisikie.

Jijini New York, Marekani, kuna shule ya umma iitwayo DeWitt Clinton. Ilifunguliwa mwaka 1897, na mwaka 1929 ikahamia Bronx, sehemu ya jiji hilo hilo. Katika miaka ya 1930 ilikuwa na wavulana zaidi ya 10,000, ikahesabiwa miongoni mwa sekondari kubwa kuliko zote duniani. Wasichana walianza kupokelewa mwaka 1983. Orodha ya waliopita pale inashangaza: Stan Lee wa hadithi za katuni, Bob Kane na Bill Finger waliomuumba Batman, shujaa wa katuni, mwaka 1939, mwigizaji Burt Lancaster, mwandishi wa tamthilia Neil Simon, mbunifu wa mavazi Ralph Lauren. Ukiisoma orodha hiyo peke yake utadhani shule ile ilikuwa na dawa fulani.

Tulipofuatilia jina moja, la mwandishi James Baldwin, tuliona namna mambo yalivyokwenda. Baldwin alizaliwa mwaka 1924, akalelewa Harlem, mtaa wa New York, mkubwa wa watoto tisa katika nyumba yenye dhiki. Kabla ya Clinton alisoma shule ya kati ambako mwalimu wake mmoja alikuwa mshairi Countee Cullen. Cullen alifundisha Kifaransa na alikuwa mlezi wa chama cha fasihi cha wanafunzi. Yeye mwenyewe alisoma Clinton, na enzi zake alikuwa mmoja wa wahariri wa jarida la fasihi la shule, The Magpie. Ndiye aliyemhimiza kijana huyu aende Clinton.

Baldwin akaenda. Katikati ya maelfu yale ya wavulana akapata meza ya jarida lile lile. Alihariri pamoja na kijana aitwaye Richard Avedon, aliyekuwa akiandika mashairi wakati huo na baadaye akawa mmoja wa wapiga picha wakubwa wa karne ya 20. Alikuwapo pia rafiki yao Sol Stein. Mwaka 1955 Baldwin alipotoa kitabu chake cha kwanza cha insha, mhariri wake alikuwa Stein. Mwaka 1964 Baldwin na Avedon walitoa kitabu pamoja, mmoja maneno, mwingine picha. Urafiki ulioanzia kwenye jarida la shule ulifanya kazi kwa zaidi ya miaka 20.

Kuna jambo dogo lililotugusa kuliko yote. Mwaka 1942 The Magpie ilichapisha mahojiano ambayo Baldwin alifanya na Countee Cullen. Mwanafunzi alimrudia mwalimu wake na kalamu na karatasi, akamuuliza maswali kwa ajili ya jarida ambalo mwalimu huyo alilihariri akiwa na umri kama wake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuona dawa yoyote pale. Tuliona meza, mlezi na saa chache baada ya masomo.

Tukatazama kwingine. Karibu kabisa na Clinton ipo Bronx High School of Science, iliyoanzishwa mwaka 1938, ambayo huchuja wanafunzi kwa mtihani. Sheldon Glashow na Steven Weinberg walihitimu pamoja pale mwaka 1950, na mwaka 1979 wakapokea pamoja Tuzo ya Nobel ya fizikia, wakiwa na Abdus Salam wa Pakistani. Tulitarajia kusoma juu ya maabara. Tulichokutana nacho ni kwamba vijana hawa walikuwa katika klabu moja ya hadithi za kubuni za kisayansi, na klabu hiyo ilikuwa na kijarida chake. Hata shule iliyochagua vichwa vilivyonolewa bado ilihitaji mahali pa vijana wachache kukaa na kubishana bila kengele kuwakatiza.

Na tukumbuke Tabora, shule ya serikali aliyosoma Julius Nyerere kuanzia mwaka 1937. Ilikuwa ndogo kuliko yetu na ilikuwa na masharti ya kikoloni. Nyerere alisaidia kuanzisha chama cha midahalo cha shule. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, lakini mkuu wa shule akakataa, akiona kijana huyo ni mpole mno kwa cheo hicho. Hayo tunayataja mbele ya viranja wetu kwa upendo: cheo alichokosa hakikumzuia, na chama alichokianzisha kilimpa jukwaa la kuzungumza kabla taifa halijamsikiliza.

Ndugu mgeni wetu, sasa tunarudi kwetu.

Chini ya ngazi za jengo la zamani kipo chumba cha gazeti la shule. Unakijua. Meza ndefu bado ipo, upande mmoja umechongwa majina kwa ncha ya bikari. Tulipokuwa tukijiandaa kwa siku ya leo tulifungua kabati lililokuwa na kutu kwenye komeo, tukakuta matoleo ya zamani na bahasha ya rasimu. Mojawapo ni habari uliyoiandika wewe kuhusu maji kukatika kwenye mabweni. Mwalimu mlezi ameifyeka kwa kalamu nyekundu karibu nusu nzima. Pembeni ameandika: "Nani alisema? Mtaje." Mistari miwili chini: "Hapa vizuri." Tumeiweka kwenye fremu, na ndiyo zawadi yetu kwako leo.

Chumba hicho sasa ni stoo ya madawati mabovu. Kipindi cha klabu, kilichokuwa mchana mmoja kila wiki, kimemezwa na masomo ya ziada ya kujiandaa na mitihani. Tunaelewa kwa nini. Wazazi wanataka alama, na sisi pia tunazitaka; hakuna aliyehitimu leo ambaye hakukesha kwa ajili yake. Lakini gazeti linatoka kwa kubahatisha, mdahalo unafanyika pale tu shule nyingine inapotualika, na klabu ya sayansi inakutana varandani. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye kipaji cha kuandika hana pa kukipeleka. Anakaa nyuma ya darasa anajaza kurasa za mwisho za daftari la hesabu, na akitoka hapa ataondoka nazo bila mtu kuzisoma.

Wahitimu wetu wengi walipofanikiwa walirudi na mikono iliyojaa. Wametujengea geti, wametupakia rangi, wametununulia kompyuta. Tunawashukuru kwa dhati. Leo tunaomba kitu cha gharama ndogo zaidi na cha usumbufu mkubwa zaidi, yaani muda.

Tunaomba utusaidie kuzungumza na Bodi ili kipindi cha klabu kirudishwe kwenye ratiba na kilindwe hata mitihani inapokaribia. Tunaomba chumba cha gazeti kifunguliwe na madawati yale yatafutiwe mahali pengine. Tunaomba pia chama cha wahitimu kitoe walezi wa kusaidiana na walimu, mtu mmoja kwa kila klabu, anayefika kwa ratiba inayojulikana na kusoma kazi zetu kwa kalamu nyekundu. Wahariri, mafundi umeme, wauguzi, wahasibu, wote wanafaa. Mlezi wa klabu ya sayansi hahitaji kuwa profesa; anahitaji kuwapo.

Lipo ombi la mwisho, nalo ni la ubao wenyewe. Charles Rangel, aliyeiwakilisha Harlem katika Bunge la Marekani kuanzia mwaka 1971 hadi 2017, alikuwa mwanafunzi wa Clinton aliyekatiza masomo njiani. Alikwenda jeshini, akapigana vita vya Korea, kisha akarudi kumaliza sekondari akiwa mtu mzima. Siku alipoacha shule hakuna ambaye angeandika jina lake popote. Nasi tunao wenzetu tulioanza nao kidato cha kwanza ambao leo hawakuvaa joho. Wengine walilazimika kufanya kazi, wengine waliuguza mzazi, mmoja wao analea mtoto. Tunaomba shule itunze daftari la wote waliowahi kusajiliwa hapa, na mlango wa kurudi uwe na mtu wa kuufungua. Ubao wa dhahabu ubaki kwa wachache, ila daftari liwe la wote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya picha ya pamoja tunakuomba usiondoke mara moja. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaotaka kulifufua gazeti wamesafisha upande mmoja wa ile meza, wameweka viti, na wana maswali ya kukuhoji kwa ajili ya toleo lijalo. Wameyaandika wenyewe. Ukiona swali halijakaa sawa, waambie.

Kwa heshima kubwa, tunaomba kuwasilisha.