Dawa ya ngozi ya mtoto ipimwe, isikisiwe

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani. Nashona sare za shule na madera ya akina mama. Naomba nafasi niseme jambo moja kuhusu zile tyubu ndogo tunazouziwa madukani kwa ajili ya ngozi za watoto wetu. Sina ugomvi na dawa. Nina ugomvi na dawa inayouzwa bila kipimo.

Binti yetu wa mwisho alianza kuwashwa akiwa na miezi minne. Ilianza mashavuni, ikapanda kwenye paji la uso, utosini yakatoka magamba. Watu husema ugonjwa huu ni wekundu wa ngozi, lakini kwa rangi zetu wekundu hauonekani. Yake ilikuwa kijivujivu, imekoza pembezoni, na ukipitisha kiganja inakwaruza kama kaki mpya ambayo haijaingia maji. Usiku ndiyo ilikuwa balaa. Alikuwa anajisugua uso kifuani kwa mama yake mpaka asubuhi tunakuta damu kwenye kanga. Sasa anakaribia miaka mitatu, na hali hiyo imehamia kwenye makunjo ya viwiko na nyuma ya magoti.

Kila mtu alikuwa na jina lake. Jirani alisema mchango. Mama mkwe wangu wa Nanyamba akasema mtoto ameyakataa maziwa ya mama yake, aanzishiwe uji. Mwingine akashauri tumwogeshe maji ya bahari. Tulijaribu mara moja tu, na kilio kile sitakisahau. Mke wangu akaacha pweza, akaacha kamba, akaacha mayai, mwisho akawa anakula ugali na kisamvu huku ananyonyesha. Ngozi ya mtoto haikubadilika. Aliyebadilika ni mama, alikonda.

Ndipo nikaenda duka la dawa. Kijana aliyekuwepo alimtazama mtoto mikononi mwangu kwa muda mfupi kuliko ninaotumia mimi kumpima mteja kiuno, akavuta tyubu ya shilingi 2,500. "Paka kutwa mara mbili, baba. Hii kiboko." Na kweli ilikuwa kiboko. Siku ya nne mashavu yalikuwa laini, nyumba nzima tukalala. Tukaacha kupaka, wiki haikuisha, yakarudi kwa hasira zaidi. Nikanunua nyingine. Tulikwenda hivyo kwa miezi mitano, tyubu saba kama kumbukumbu yangu iko sawa, tunapaka uso mzima hadi karibu na macho. Mashavu yakaanza kung'aa na kuwa membamba kama nailoni, na vipele vidogo vikazunguka mdomo.

Hospitalini mjini Mtwara daktari, dada mmoja mpole, hakuanza na mtoto. Aliomba boksi la dawa. Akasoma maandishi yale madogo ambayo mimi sikuwahi kuyasoma, akatuambia humo ndani mna dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe wa ngozi. Mtoto hakuwa na fangasi. Na steroidi ya nguvu ile haifai kwa uso wa mtoto mchanga. Akatupa jina la ugonjwa: pumu ya ngozi. Akauliza nani ana pumu katika ukoo. Mimi nimekua na pumu ya kifua, marehemu baba vilevile, na dada yangu hupiga chafya kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua. "Basi mtoto amechukua kwenu," akasema. Mke wangu alinitazama, na tangu siku hiyo habari ya maziwa yake kukataliwa haijasemwa tena nyumbani kwangu.

Kisha akanigeukia. "Fundi, wewe unampima mteja kwa macho?" Nikamwambia hapana, nina futi. "Sasa mbona dawa mnapima kwa macho?"

Akanikamulia dawa kwenye kidole cha shahada, kuanzia ncha hadi mkunjo wa pingili ya kwanza. Kiasi hicho, akasema, kinatosha sehemu ya ngozi yenye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Unafunika palipoharibika kwa kiganja chako, unahesabu, unakamua. Ndugu Mhariri, nimeshika futi kwa miaka 19 na sikuwahi kujua kwamba mkono wangu wenyewe ni futi. Alitupa haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi hafifu, kwa ajili ya uso, na akaandika kwenye boksi kwa kalamu: mahali gani, mara ngapi, siku ngapi.

Kipimo cha pili ndicho kilichonishtua. Mafuta. Alisema mtoto mwenye ngozi ya namna hii anahitaji mafuta yasiyo na manukato, hata haya ya mgando ya kawaida, robo kilo kwa wiki. Nilidhani nimesikia vibaya. Kwetu kopo la gramu 100 lilikuwa likimaliza mwezi, tukipaka ili mtoto apendeze akienda kliniki. Kumbe ngozi yake haina uwezo wa kushika maji, na mafuta ndiyo yanayokaa badala ya ule ukuta uliokosekana. Hupakwa hata siku ambayo ngozi ni nzuri. Hapo ndipo tulipokuwa tunakosea: tuliponunua kiboko, mafuta tuliyasahau.

Sasa tunamwogesha kwa maji vuguvugu, dakika tano hadi kumi, bila dodoki. Sabuni ya mche tumeacha kabisa mwilini mwake. Tunamkausha kwa kugusagusa, na ndani ya dakika tatu hivi, ngozi ikiwa bado na unyevu, mafuta. Dawa ikihitajika, tunaacha nusu saa katikati ya hiyo na mafuta.

Kwenye nguo mimi ndiye mtaalamu, niruhusu nijivune kidogo. Magauni ya lesi na nailoni aliyozawadiwa niliyafunga kwenye mfuko. Tetroni hainyonyi jasho, na jasho la Januari hapa pwani linawasha hata mtu mzima. Fulana ya mtumba ya pamba, iliyofuliwa mara mia huko ilikotoka, ni bora kuliko gauni jipya la sikukuu. Lebo za shingoni nazikata. Akiwa mdogo nilimshonea vifuko vya mikono kwa kanga kuukuu ili asijikune usingizini, mshono nikauweka nje, maana mshono wa ndani nao hukwaruza. Onyo moja tu: kitambaa kilicholowa mafuta hushika moto haraka sana, kwa hiyo anayetumia kibatari au kupikia mkaa awe mwangalifu.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo daktari hakulijua mpaka tulipomwambia. Mke wangu hubangua korosho msimu ukifika, na maji ya ganda la korosho, kila mbanguaji anajua, hubabua vidole. Mikono hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inampaka mtoto. Na kule Nanyamba, mikorosho inapopuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, vumbi lake hutua mpaka kwenye mikeka. Mara mbili tulirudi kutoka kwa bibi yake mtoto akiwa amechachamaa. Sasa mama akitoka kubangua hunawa vizuri kwanza, au mpakaji ni mimi. Na wakati wa salfa bibi ndiye anayekuja Mikindani.

Mashavu yalipopona yalibaki na mabaka meupe, watu wakaanza kunong'ona ukoma. Mabaka ya ukoma hayawashi, tena hupoteza hisia. Ya binti yangu ukiyagusa anacheka, na yamefifia taratibu yenyewe. Kinachotukimbiza hospitali siku hiyohiyo ni ngozi kutoa maji ya njano au usaha, malengelenge ya ghafla, au homa.

Sasa ombi langu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna chuo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, lakini kutoka Mikindani ni zaidi ya kilomita 1,000, na mtoto anayejikuna usiku hawezi kusubiri nauli. Zahanati, hata hivyo, kila mama anafika, kila mwezi, na kadi mkononi. Siku ya kupima uzito mtoto anavuliwa nguo zote mbele ya muuguzi, na ngozi yote inaonekana. Dakika mbili zingetosha kumwonyesha mama kidole na viganja viwili. Na wauza dawa, kabla hawajasema hii kiboko, waandike juu ya boksi kama yule daktari: mahali, mara ngapi, siku ngapi. Kalamu ni shilingi mia tatu.

Mimi nimechora kidole na viganja kwenye kadibodi, nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Akina mama wanaoleta vitambaa huuliza, nami huwaeleza nikiwa na pini mdomoni. Wiki iliyopita mmoja aliniletea tyubu yake nimsomee. Ilikuwa ileile. Nilimwandikia namba ya chumba hospitalini, lakini mtu huyo alitoka zahanati asubuhi ileile kumpima mtoto uzito.

Fundi Cherehani,
Mikindani, Mtwara