Kabla geti halijafunguka

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Umeuliza kama ununue bawa la kasi zaidi kabla ya shindano la paraglaidi, yaani kuruka kwa bawa la kitambaa lisilo na injini. Usinunue. Paa na bawa unalolijua hata usiku wa manane, maana walio wapya kwenye mashindano hawaangushwi na bawa. Huangushwa na hesabu wanazozifanya chini, na ile nusu saa ya kusubiri geti, yaani saa rasmi ya kuanza mbio.

Chukulia mkutano wa marubani kwa uzito. Ubao utaonyesha vituo vya siku, na kila kituo ni silinda ya kuwaziwa angani, yenye nukta katikati na nusukipenyo chake. Viingize kwenye kifaa chako cha GPS bila haraka, kisha badilishana na jirani, asome chako nawe usome chake. Kosa linalowaponza wengi ni kuandika mita 400 badala ya kilomita 4 au kinyume chake. Silinda ya kilomita 4 unaigusa ukingoni tu, ukageuka. Anayekwenda hadi kwenye nukta na kurudi kwa njia ileile ameongeza kilomita 8 za bure. Linganisha jumla ya umbali kwenye kioo na ile ya ubaoni. Zikitofautiana, usivae hanesi, kile kiti cha mikanda kinachokuning'iniza chini ya bawa, mpaka uione sababu. Tazama pia kama silinda ya kuanzia ni ya kuingia au ya kutoka.

Hanesi ukishaivaa, funga mikanda ya mapaja kwanza, halafu kagua pini ya parachuti ya akiba, kamba ya spidi-baa (upau unaousukuma kwa miguu ili bawa liongeze kasi), redio na mpira wa kunywea maji. Usingoje foleni iishe ndipo upae.

Sasa geti. Ukiivuka silinda ya kuanzia kabla ya saa iliyotangazwa, usiporudi kuivuka upya safari yako yote ya mbele haina faida: umbali unahesabiwa hadi pale pa kuanzia tu. Kwa hiyo kaa karibu na ukingo, upande unaoelekea kituo cha kwanza, chini kidogo ya kitako cha mawingu, na saa uione. Ukijikuta chini ya wenzako, endelea kupanda hata geti likishafunguka. Mita 200 katika mkondo wa hewa ya joto unaopanda mita 2 kwa sekunde ni sekunde 100 tu, lakini anayeondoka chini hufika mkondo unaofuata akiwa peke yake, hana wa kumwonyesha hewa inapopanda, na huko anaweza kupoteza dakika 20.

Ndani ya kundi, zunguka upande uleule walioanza nao waliokutangulia. Ingia kutoka pembeni, ukifuata mviringo wao, usiukate katikati. Aliye chini yako mwachie nafasi, kwa kuwa bawa lake linamziba asikuone. Macho yawe nje. Mlio wa vario, kile kipimo cha kupanda na kushuka, unatosha kukuambia unapanda kiasi gani.

Kati ya mkondo na mkondo utasukuma spidi-baa. Ukiwa umeisukuma, usivute breki. Breki inalipinda bawa nyuma wakati pua yake tayari imeinama, nalo hukunjika kwa nguvu. Lidhibiti kwa mikanda ya nyuma inayounganisha hanesi na kamba za bawa, na ukihisi sehemu ya mbele inalegea, achia baa kwanza.

Mteremko wa mwisho kuelekea goli, yaani mstari wa kumalizia, ndio unaonitia hofu zaidi kwa ajili yako. Bawa linalokwenda kilomita 40 kwa saa kwa uwiano wa 10, yaani mita 10 mbele kwa kila mita moja ya kushuka, linashuka kilomita 4 kwa saa. Upepo wa mbele wa kilomita 15 ukikukuta, juu ya ardhi unakwenda 25, na uwiano unabaki 6.25. Goli lililo kilomita 10 mbele, ambalo katika hewa tulivu lingehitaji mita 1,000, sasa linataka mita 1,600. Usiamini uwiano ulioandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Tazama ule ambao kifaa kinaupima wakati huo, halafu ongeza akiba. Na kumbuka kwamba saa husimama mwisho wa sehemu ya mbio inayopimwa muda, mara nyingi kabla ya goli. Ukitua katikati ya hapo na goli, kwa kanuni za kawaida unakosa alama za muda wako wote. Heri mizunguko miwili zaidi katika mkondo dhaifu.

Redioni utasikia marubani wakitaja kiwango cha usalama wa hewa: 1, 2 au 3. Kiwango cha 3 maana yake si salama tena. Ukiona hivyo, kitaje bila haya, hata kama unaongoza. Ukimwona mtu ameanguka na hakuna aliyemfikia, mbio zako zimeishia hapo, nenda kwake.

Ukishatua, likunje bawa mara moja. Likiachwa limetandazwa, walio juu watadhani unaomba msaada. Kisha toa taarifa kwamba umefika chini salama, kabla hata ya kuvua kofia, maana asiyeripoti hutafutwa. Jioni kabidhi rekodi ya safari na uchaji vifaa vyote viwili, kile cha kutumia na kile cha akiba.

Nitangoja habari zako.

Wako wa siku zote