Usiifute Mashine Kabla Hujaisoma Barua Hii

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, na mgonjwa uliyemwulizia anaendelea vizuri, ingawa bado hajaruhusiwa kutembea mwendo mrefu. Ama baada ya salamu, nakuandikia kwa haraka kwa sababu ujumbe wako wa juzi umeninyima utulivu. Umesema kwamba kompyuta yako mpakato leo inafungua kurasa salama na kesho inazikataa, kwamba umechoka nayo, na kwamba mwisho wa wiki hii utafuta kila kitu na kuweka mfumo mpya. Kisha ukaongeza, kama jambo dogo la kupitia tu, kwamba ukurasa wa benki ulipotoa onyo ulibonyeza pa kuendelea nao ukafunguka. Nakusihi usifute chochote, na usibonyeze tena pale, mpaka tumalizane.

Naanza na hilo la benki kwa sababu ndilo lililoniamsha usiku. Kivinjari kinapofungua anwani inayoanza na https, seva ya upande wa pili, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hutoa cheti, hati ya kidijitali inayoonyesha yeye ni nani, na mashine yako hukikagua kabla ya kukubali kuzungumza. Hutazama kama kimetolewa na mamlaka inayoaminika, kama jina lililomo ndilo jina la tovuti uliyoiomba, na kama tarehe ya leo imo kati ya siku cheti kilipoanza na siku kitakapokwisha. Jambo moja kati ya hayo likikosekana, onyo hutokea. Ukilazimisha kuendelea, maneno yako yatasafiri yakiwa yamefichwa vilevile, lakini hutakuwa na hakika yamefichwa ili yasomwe na nani. Huenda siku ile ulikuwa unazungumza na benki yenyewe na kosa lilikuwa la mashine yako tu; hata hivyo tafadhali badilisha nywila yako leo hii, kwa kutumia simu ya shemeji na wala si kompyuta hiyo.

Sasa nikueleze yaliyonipata mimi, maana nimekuwa kimya miezi hii yote kwa sababu ya tatizo linalofanana sana na lako. Asubuhi fulani nilikuwa nikiwasha kompyuta na kila ukurasa salama unakataliwa, barua pepe haziingii, na ninachokiona ni onyo tu. Nilikuwa nazima ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, nawasha, nasubiri, na baada ya muda kila kitu kinafunguka. Kwa wiki nyingi niliamini kwamba ruta ndiyo mbovu na kwamba kuizima ndiyo dawa. Siku moja nilichelewa kuiendea, nikakaa tu na chai yangu, na kurasa zikafunguka zenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kuandika katika daftari saa na hali ya kila tukio, na baada ya siku 9 nikaona kwamba asubuhi zote mbaya zilifuata usiku ambao kompyuta iliachwa ikaishiwa chaji kabisa.

Ndani ya mashine kama yangu, juu ya ubao mama, kuna betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu, yenye volti 3, ambayo kazi yake ni kuitunza saa wakati hakuna umeme mwingine. Yangu ilikuwa imekufa. Betri kubwa ilipokuwa na chaji, saa ilikwenda sawasawa na sikuona dalili yoyote; ilipoisha, saa ilirudi miaka kadhaa nyuma, na kwa kompyuta inayoishi katika mwaka uliopita zamani, vyeti vyote vya leo ni vyeti ambavyo bado havijaanza kutumika. Saa za mtandao, ambazo mashine hujirekebishia kwazo, kwa kawaida huulizwa kwa njia isiyohitaji cheti, na ndiyo maana baada ya muda wakati ulisahihishwa na kurasa zikafunguka bila mimi kufanya lolote. Fikiria kama ningefuta mfumo mzima: betri iliyokufa ingebaki palepale, na baada ya siku mbili ningekuwa na tatizo lilelile bila hata faili zangu.

Nilibadilishiwa betri hiyo nikashukuru, na kwa siku nne nikadhani yamekwisha. Kisha kurasa zikaanza kukwama tena, na nakiri nilikata tamaa. Lakini nilipoyasoma maandishi yangu niliona kwamba safari hii hapakuwa na onyo lolote. Ukurasa ulikuwa ukizunguka, ukizunguka, hadi kivinjari kinasema muda umekwisha, na ulikuwa hivyo katika baadhi ya tovuti tu, tena pale tu programu ya VPN ya kazini, inayopitisha mawasiliano yangu katika njia iliyofichwa hadi ofisini, ilipojiwasha. Dalili hizo mbili, onyo na kukwama, nilikuwa nimezitia katika kapu moja kwa sababu zote zilinizuia kusoma barua pepe, na kosa hilo ndilo lililonipotezea muda mwingi kuliko jingine lolote.

Hili la pili lilihitaji subira. Data husafiri kwa vipande viitwavyo pakiti, na katika mitandao mingi ya kawaida pakiti moja haizidi baiti 1500, baiti ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa data. VPN huifunga kila pakiti ndani ya nyingine, kwa hiyo nafasi hupungua. Pakiti iliyojaa ikifungwa tena huwa kubwa kuliko njia inavyoruhusu. Kifaa kilichoshindwa kuipitisha kinapaswa kurudisha taarifa kwamba ipunguzwe, lakini mahali pengine taarifa hizo huzuiwa kwa kisingizio cha usalama, na mtumaji anabaki kutuma kitu kisichofika kamwe. Salamu ya kwanza ya kivinjari ikiwa fupi, hupita. Jibu la seva lenye cheti ni refu, nalo ndilo linalopotea. Nilituma amri ya ping, ambayo hupeleka pakiti ya majaribio na kusubiri jibu, ya baiti 1472 huku nimekataza isikatwe vipande, maana ukiongeza baiti 28 za vichwa vyake, yaani maelezo yanayotangulia data, unapata 1500 kamili, na jibu halikurudi. Nilishuka kidogo kidogo hadi 1372, likarudi. Basi nikaweka kikomo cha pakiti cha VPN kuwa 1400, na tangu siku ile sijakwama hata mara moja. Ndiyo, hata hapa kuweka mfumo mpya kusingesaidia, kwa kuwa ningeirudisha VPN ileile na mipangilio yake ileile.

Nakueleza kwa urefu huu si kwa sababu nadhani ugonjwa wako ni wangu. Umesema kompyuta ya shemeji haina shida ndani ya nyumba hiyohiyo, kwa hiyo ningeanza kuitazama mashine yako kabla ya ruta. Umesema pia kwamba onyo lako hutokea katika tovuti chache tu, na hilo linanifikirisha. Saa ikiwa nyuma kwa siku chache tu, tovuti zilizobadilisha vyeti karibuni ndizo zitakazokataliwa na nyingine zitafunguka kama kawaida. Vyeti vingine siku hizi hudumu siku 90 tu, kwa hiyo hubadilishwa mara kwa mara. Lakini namshuku zaidi mlinzi wako wa virusi. Baadhi ya programu hizo hujiweka katikati, hufungua mawasiliano salama ili ziyakague, kisha hukupa cheti chao badala ya cha tovuti, na zikisasishwa vibaya vivinjari huanza kulalamika. Bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani, ufungue maelezo ya cheti, usome kimetolewa na nani. Ukikuta jina la programu hiyo ya kulinda dhidi ya virusi, zima kwa dakika chache ule ukaguzi wake wa kurasa salama peke yake, bila kuiondoa programu yote, kisha ujaribu tena. Ukikuta jina usilolijua kabisa, usiingize nywila yoyote na uniandikie mara moja.

Lile la benki linarudi tena kichwani mwangu, unisamehe. Cheti cha siku ile hukukisoma, najua, na sasa hakisomeki tena. Umebadilisha nywila? Umetazama kama kuna muamala usioutambua?

Ninakuomba siku tatu tu kabla ya kufuta. Kila ukurasa ukikataa, andika saa ya simu na saa ya kompyuta pembeni yake, mtandao uliokuwa umeunganishwa, jina la tovuti, na maneno ya kosa neno kwa neno, hasa ile alama ndefu ya herufi kubwa iliyo chini ya onyo, kwa kuwa ndiyo inayosema cheti kimekataliwa kwa sababu gani. Nami nitakaa nayo jioni nzima nikiisoma, nakuahidi.

Je, uliwahi kuiacha ikaisha chaji kabisa usiku wa kuamkia siku mbaya? Kivinjari cha pili kinakataa tovuti zilezile, au ni kimoja tu? Ukitumia intaneti ya simu badala ya Wi-Fi ya nyumbani, hali inabadilika? Kuna VPN yoyote, hata ile uliyowekewa na Mwalimu wakati wa semina? Na picha za harusi, zile ambazo hatuna nakala yake pengine popote, bado ziko ndani ya mashine hiyo peke yake? Kama ziko humo, zinakili leo, kabla ya jambo jingine lolote.

Nasubiri jibu lako kwa hamu.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.